Niliratibu mkutano wa viongozi wa dini nikamuumiza shekhe mbele ya kamera, soma kabla hujapewa kazi hii

Kabla sijapewa ile kazi nilikuwa najiona mtu wa watu wote. Nina marafiki Waislamu, nimeshahudhuria harusi za Kihindu, mwenyewe nimelelewa kanisani na kwaya nimeimba, kwa hiyo kamati iliponiambia wewe ndo utaratibu mkutano wa viongozi wa dini, watu 12, siku moja tu, nikaona ni kazi ndogo. Nilidhani ukiwa na moyo mzuri, viti vya kutosha na mikrofoni zinazosikika basi umemaliza. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye kesho keshokutwa atapewa kazi hiyohiyo, ili asije akamuumiza mtu kama mimi nilivyomuumiza mtu mzima mwenye heshima zake, bila kukusudia kabisa, tena nikiwa natabasamu.

Mambo yalianza kuharibika kwenye kalenda. Niliweka mkutano Ijumaa, saa 5 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Kwangu mimi Ijumaa ni siku ya kazi kama Alhamisi tu, sikufikiria. Katibu wa shekhe akanipigia, kwa upole sana, akasema ndugu yangu, shekhe ndiye khatibu, mtoa hotuba ya swala ya Ijumaa, saa hizo anakuwa kwenye mimbari. Nikaomba radhi, nikashtuka, na kwa ule mshtuko nikatuma meseji kwa wote jioni ileile ya Ijumaa kwamba tumehamia Jumamosi, bila kumuuliza mtu. Rabi, yule kiongozi wa Wayahudi, hakujibu. Nikapiga haipokelewi, nikapiga tena, nikaanza kunung'unika moyoni kwamba huyu mzee ana dharau, kumbe Sabato yake inaingia jua likizama Ijumaa mpaka giza la Jumamosi na muda wote huo simu hagusi, gari hapandi, hata kalamu hashiki. Na mchungaji wa Kisabato naye Jumamosi ndo siku yake ya ibada, yeye alinijibu kwa sentensi moja tu, "Mratibu, hiyo ni Sabato." Barua za mwaliko zikachapwa mara ya tatu, tukaangukia Jumatano, na kabla mkutano haujaanza tayari watu wanne walishajua kwamba anayewaita hawafahamu.

Nilichojifunza hapo ni kwamba siku salama ni Jumatatu mpaka Alhamisi, afu hata hapo uangalie Ramadhani iko wapi mwaka huo maana kwenye kalenda ya kawaida inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, uangalie Kwaresima, Pasaka ya Waorthodoksi ambayo miaka mingi haiangukii siku moja na ya Wakristo wengine, Diwali ya Wahindu, Vesak ya Wabudha, Yom Kippur ya Wayahudi, mfungo wa Wabahai wa siku 19 mwezi wa 3. Lakini hata ukiwa na kalenda zote hizo usijifungie nazo ndani ukaamua peke yako. Mpigie katibu wa kila mmoja, mpe tarehe tatu achague. Dakika tano za simu zingeniokolea wiki nzima.

Vijikadi vya majina navyo vilinitia aibu. Kwa swami, yaani mwalimu wa dini ya Kihindu, niliandika "kiongozi wa Wahindi". Najua wengi tunachanganya, Mhindi ni mtu wa asili ya India, anaweza kuwa Muislamu, Mkristo, Msikh au asiwe na dini kabisa, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, herufi moja tu lakini kwa mwenyewe ni kama umemfuta dini yake ukambakishia kabila. Alikigeuza kile kijikadi kikaangalia chini, hakusema neno, akakaa hivo mkutano mzima. Mzee wa Kisikh tulimwandika kwa lile jina la mtaani ambalo wengi tumelizoea tangu utotoni, na nilipomuuliza baadaye akaniambia sisi ni Masikh, mwanangu, andika hivyo. Mchungaji wa Kilutheri nilimwita padre. Padre wa Kiorthodoksi niliandika jina lake la ukoo wakati wao wanaitwa kwa jina la kwanza. Yaani ukisoma haraka unaona ni vitu vidogovidogo, ila jaribu kuingia kwenye chumba cha watu wenye hadhi zao, unakuta jina lako limekosewa mbele ya wenzako wa dini nyingine, halafu uambiwe karibu tujenge kuaminiana.

Mlangoni sikuwepo, nilikuwa nahangaika na spika. Walinzi walikuwa na kile kifaa cha kukagua chuma, kikalia kwa mzee wa Kisikh. Alikuwa na kirpani, kile kisu kidogo cha dini ambacho Msikh aliyepokea amrit, yaani aliyeingizwa rasmi kwenye dini yake, anakaa nacho mwilini siku zote, ni moja ya alama zao tano, pamoja na nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma na kaptura maalumu. Walinzi wakamwambia aache mezani. Akasema hawezi, ila atarudi nyumbani bila ugomvi. Nilipoitwa alikuwa ameshasimama pembeni ya mlango kama dakika 20, wenzake wanapita wanamuona, mtu wa miaka zaidi ya 70. Baadaye nilikuja kujua jambo hili limeshawakuta wakubwa kuliko sisi. Aprili 2008 Papa Benedikto XVI alipokutana na viongozi wa dini nyingine kule Washington, Masikh walioalikwa hawakwenda kabisa kwa sababu walinzi wa serikali ya Marekani walikataa kirpani iingie. Kwa hiyo ukiwa na ulinzi mlangoni, yamalizeni siku kadhaa kabla, ofisi kwa ofisi, na kama hairuhusiwi basi mwenyewe aambiwe akiwa kwake aamue kuja au kutokuja, asikutane na jibu mbele ya mkanda wa ukaguzi.

Na vichwani. Kijana wetu mmoja wa kupokea wageni alimwambia mgeni avue kofia akiingia ukumbini, kwa sababu yeye kwao kanisani mwanaume akiingia anavua. Sasa kwa Myahudi kufunika kichwa ndiyo heshima yenyewe, kilemba cha Msikh hakivuliwi hadharani, kilemba cha shekhe ni sehemu ya vazi la elimu yake. Kilichomfanya kijana wangu aone ametenda adabu ndicho kilichomkera mgeni. Siku hizi kwenye kikao cha maandalizi nawaambia vijana sentensi moja tu, usimwambie mgeni avue wala avae kitu chochote, kama una wasiwasi niite mimi.

Sasa nije kwenye mkono. Hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu liliniuma na bado linaniuma.

Tulikuwa na mama mchungaji, mwanamke pekee kati ya wale 12. Alifika mapema, mchangamfu, anasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Alipofika kwa shekhe akanyoosha mkono. Shekhe akaweka kiganja chake kifuani, akainama kidogo, akasema karibu sana mama. Mkono wa mama ukabaki hewani. Labda ni sekunde mbili tu, lakini mimi niliyekuwa naangalia niliona uso wake unavyobadilika. Akasogea kwa rabi, yule rabi ni wa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wale wanaoshika sana sheria za dini yao, naye akainamisha kichwa bila kutoa mkono. Mtawa wa Kibudha naye hagusani na mwanamke, ndiyo sheria ya utawa wake, na hata kitu cha kupewa na mwanamke kwa desturi ya kwao kinawekwa kwanza mezani au kwenye kitambaa ndipo yeye akichukue. Kwa hiyo mama wa watu kwa dakika tatu alikataliwa mkono mara tatu, mfululizo, na mara zote tatu aliyekataa alidhani amemheshimu.

Aliniambia baadaye, "Nilijua hawanichukii. Lakini mwili wangu haukujua." Hilo neno sijalisahau. Na shekhe nilipokuja kuongea naye aliniambia yeye usiku ule hakulala vizuri akimfikiria yule mama, kwa sababu aliona macho yake. Watu wawili wema, kila mmoja amemsalimia mwenzake kwa heshima ya juu kabisa anayoijua, na wote wawili wameondoka wameumia, na ingetosha mimi kumpigia mama simu siku moja kabla nikamwambia mama, hawa watatu mkono wao ni kifuani, na kuwapigia wao nikawaambia kutakuwa na mama mchungaji, msalimieni ninyi kwanza kabla hajafika karibu. Basi. Ukitaka kanuni ya haraka ni hii: kama hujui, usitangulize mkono wako, weka kiganja kifuani uinamishe kichwa, hakuna dini ninayoifahamu ambayo hiyo ni tusi, na kama mwenzako anashikana mikono ataleta yeye.

Chakula nitapita haraka kwa sababu wengi mnajua nusu yake. Nyama ikiwa halali haina maana imekuwa kosheri, yaani inayoruhusiwa kwa Wayahudi, na Masikh wengi waliopokea amrit hawali nyama iliyochinjwa kwa ibada. Mtawa wa Kibudha wa mapokeo ya Theravada hali chakula baada ya saa 6 mchana, sisi tuliandaa saa 7. Mjaini, mfuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, hali hata vitunguu na viazi kwa sababu vinang'olewa na mzizi. Suluhisho lililotusaidia baadaye ni chakula cha mimea kitupu kwa wote, vyombo vipya vilivyofungwa kwa rabi, na kila sinia kuwa na karatasi iliyoandikwa kilichomo, na kula mapema. Msilete pombe, hata ile ya kupikia. Mambo ya chakula yanasameheka kuliko unavyodhani, mgeni atakunywa maji na maisha yataendelea. Yasiyosameheka kirahisi ni yale ya ibada.

Mwisho wa ratiba niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, "Sala ya pamoja". Sikuona tatizo lolote. Kwetu kikao hakifungwi bila sala, na nilikuwa nimeshawaza picha itakavyopendeza, wote wameshikana mikono kwenye duara. Nikachukua mikrofoni nikasema sasa wazee wetu tusimame, tushikane mikono, tufumbe macho, Baba Askofu atatuongoza tumwombe Mungu wetu mmoja.

Angalia nilichofanya katika sentensi moja. Mtawa wa Kibudha dini yake haijengwi juu ya kumwomba Mungu muumba. Mama mchungaji amesimama katikati ya shekhe na mtawa, na nimesema tushikane mikono. Rabi na shekhe nimewaweka chini ya sala itakayomalizika kwa jina la Yesu Kristo, maana Baba Askofu hawezi kusali vingine na wala sikupaswa kumtaka asali vingine. Na kamera tatu zinarekodi.

Rabi alibaki amekaa, anaangalia mikono yake. Shekhe alirudi nyuma hatua moja, kiganja kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Niwieni radhi, hapa nitawapisha." Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwenye mikrofoni, "Shekhe karibu tu, sisi sote ni ndugu."

Kosa langu kubwa kuliko yote ni lile. Sala kwenye ratiba ilikuwa ujinga, lakini ile sentensi ya pili ilikuwa kumsukuma. Nilimfanya mtu aseme hapana mara mbili hadharani, na mara ya pili ikaonekana kama anaukataa undugu. Alitikisa kichwa taratibu, akatoka nje. Baba Askofu naye akababaika, akasali sala fupi ambayo ilionekana wazi haijamtoka moyoni. Tukamaliza.

Klipu ya sekunde kama 20 hivi ilizunguka kwenye WhatsApp jioni ileile. Upande mmoja wanasema huyu shekhe ana kiburi, kaalikwa kwa amani kaonyesha chuki. Upande wa pili, watu wake mwenyewe, wanasema alienda kufanya nini kule, tulimwambia asiende. Yaani mtu aliyekuwa amewatetea wenzake wa dini nyingine mbele ya waumini wake, akasema twendeni tukawasikilize, ndiye aliyelipa gharama. Kamati ikanitoa kwenye kazi kwa barua ya mistari mitatu, sawa, lakini mi nilikuwa siwazi barua, nilikuwa nawaza ile hatua yake moja ya kurudi nyuma.

Nilikaa kama wiki mbili nikimkwepa. Usifanye hivyo. Kila siku unayochelewa kuomba radhi mwenzako anaijaza na maana yake. Mwishoni nikampigia katibu wake, nikaenda, nikasubiri nje mpaka swala ya alasiri iishe, nikavua viatu nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Shekhe akaniuliza kwanza hali ya nyumbani, wazazi, watoto, ndo akasema haya sema.

Nilipomaliza akanisimulia kisa ambacho Waislamu wengi wanakijua na mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Kwamba khalifa Umar bin Khattab alipoingia Jerusalem karne ya 7, Patriaki Sofronio, mkuu wa Wakristo wa mji ule, alimtembeza kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, wakati wa swala ukafika, patriaki akamwambia swali humuhumu. Umar akakataa, akatoka nje akaswali huko, na sababu aliyoitoa ni kwamba angeswali ndani, Waislamu watakaokuja baadaye wangesema hapa aliswali Umar, wakalichukua kanisa. Ndivyo inavyosimuliwa. Shekhe akaniambia, unaona, yule alikataa kwa sababu anawaheshimu wenye nyumba. Hapana nayo ina adabu yake. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote: "Ungeniuliza siku moja kabla, ningekwambia. Ungenipangia dakika hizo nitoke kupokea simu, na hakuna mtu angejua, hata wewe mwenyewe ungesahau."

Nilitoka pale nimeelewa kazi yangu ilikuwa nini. Nilidhani kazi ya mratibu ni kuwafanya wafanye vitu pamoja. Kumbe ni kuhakikisha hakuna hata mmoja anayefikishwa mahali pa kukataa mbele za watu.

Nikaanza kuuliza wazee. Padre mmoja mstaafu akaniambia hiki ulichokosea kilishafikiriwa zamani, nenda kasome Assisi. Tarehe 27 Oktoba 1986 Papa Yohane Paulo II aliwaita viongozi wa dini za dunia kwenye mji huo wa Assisi kule Italia, mji wa Mtakatifu Fransisko, kuombea amani, na walichagua maneno yao kwa uangalifu mkubwa: kuwa pamoja ili kusali, wakaepuka kusema kusali pamoja. Kila dini ilipewa mahali pake pa kusalia mle mjini, ndipo baadaye wakakusanyika sehemu moja, kila kundi likasali kwa zamu kwa njia yake na wengine wakasikiliza kwa heshima. Hata hivyo walikosolewa, wapo Wakatoliki walioona imezidi. Na mwaka 2011, miaka 25 baadaye, Benedikto XVI aliporudia mkutano mjini hapohapo hakukuwa na sala ya hadharani ya dini mbalimbali. Kama watu wenye wanatheolojia wao na miaka ya maandalizi wanapima hatua hivyo, mimi na karatasi yangu ya ratiba nilikuwa nakimbilia wapi.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua kwamba ukimya nao ni njia. Tarehe 30 Novemba 2006 huyohuyo Benedikto XVI aliingia Msikiti wa Buluu kule Istanbul, akavua viatu, akasimama kimya karibu na mufti wakiwa wameelekea kibla, upande wa Makka. Ilikuwa kama miezi miwili na nusu tu baada ya hotuba yake iliyowakasirisha Waislamu wengi. Hakutamka neno kwenye ule ukimya, na dunia iliona.

Miezi minane baadaye ukapangwa mkutano wa pili, na aliyesema mratibu awe yuleyule wa mwanzo alikuwa shekhe. Sijui aliwaambia nini kamati. Mimi nilipopigiwa simu nilikaa chini.

Safari hii nilitumia wiki tano kabla ya kuchapa hata karatasi moja. Nilikwenda kwa kila mmoja kwake, siyo kwa simu, nikakaa nikawauliza maswali ya kawaida, unaitwaje na jina liandikwe vipi, unakula nini na saa ngapi, unasalimiaje, unahitaji nafasi ya swala saa ngapi. Lakini swali lililofungua kila kitu ni la mwisho, niliuliza kwa kila mtu: "Kuna jambo ambalo tukikuomba siku ile litakulazimu ukatae?" Hakuna aliyenijibu kwa neno moja. Baba Askofu alisema asiombwe kusali bila kutaja jina la Kristo. Swami alisema asiitwe kupanda jukwaani akiwa na viatu kama kutawekwa kitabu kitakatifu juu ya meza. Mzee wa Kisikh alisema kilemba na kirpani, na nilikuwa nimeshakwenda kwa walinzi. Rabi alisema mchana ule hawezi kukaa kwenye chumba cha sala cha dini nyingine wakati ibada inaendelea, ila chumba cha kawaida hakina shida. Mtawa alisema yeye hana pingamizi kubwa, ila nisiseme "sote tunamwabudu Mungu mmoja" kwa niaba yake.

Hapo ukweli lazima niuseme, yapo mambo ambayo hata ukiuliza hayana jibu la kumpendeza kila mtu. Msalaba shingoni kwa mfano. Oktoba 2016 kardinali na askofu wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walipotembelea Kuba ya Mwamba, mahali patakatifu pa Waislamu, na Ukuta wa Magharibi wa Wayahudi kule Jerusalem walivua misalaba yao ili wasiwaudhi wenyeji, waliporudi nyumbani wakashambuliwa na Wakristo wenzao kwamba wameficha imani. Wangevaa wangelaumiwa na wengine. Mimi sikumwomba yeyote avue alama yake, na ukumbi tuliochukua ni wa kawaida, hauna picha wala sanamu ya dini yoyote, ili swali hilo lisizaliwe kabisa. Ukiweza chagua ukumbi wa namna hiyo. Ukialikwa kwenye nyumba ya ibada ya mtu basi kubali kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Nafasi ya swala tuliandaa vyumba viwili vidogo, kimoja tukaweka mshale wa kibla, mikeka safi na maji ya kutawadha karibu, kingine kitupu kabisa. Nilipomwambia shekhe akakumbusha ujumbe wa Wakristo wa Najran, kusini mwa Uarabuni, waliomwendea Mtume Madina, inasimuliwa kwenye sira, yaani habari za maisha ya Mtume, kwamba wakati wao wa ibada ulipofika walisali ndani ya msikiti wake wakaachwa. Akasema kwa hiyo hujabuni kitu kipya, kijana wangu, umerudisha cha zamani. Ratiba ikakatwa saa 6 na nusu mpaka saa 7 na nusu, bila maelezo, ikaandikwa mapumziko tu.

Mahali pa sala ya pamoja nikaweka dakika tatu za ukimya, kila mtu alivyo, aliyetaka kukaa akae, aliyetaka kusimama asimame. Na kamera zikatolewa nje kabla ya hapo. Kwenye picha nilipanga viti kwa nusu duara kwa alfabeti ya majina yao, si kwa ukubwa wa dini, na mpiga picha akaambiwa hakuna kushikana mikono, hakuna "sogeeni karibu zaidi".

Salamu za kufungulia pia tulibadilisha. Mara ya kwanza mshereheshaji alisema Asalaam aleikum, Bwana asifiwe na Tumsifu Yesu Kristo, akaendelea, na nusu ya chumba hawakuwa na cha kuitikia. Mara hii kila mmoja alipofika zamu yake alisalimia kwa salamu yake na akaeleza maana kwa sentensi moja. Ilikula dakika 15, na ndiyo sehemu watu walikuja kunitajia baadaye.

Ishara ndogo zinasomwa, msizidharau. Tarehe 6 Machi 2021 Papa Fransisko alipomtembelea Ayatollah Sistani, kiongozi mkubwa wa Waislamu wa Kishia, nyumbani kwake Najaf kule Iraq, alivua viatu kabla ya kuingia chumbani, na Sistani, ambaye kwa kawaida hupokea wageni akiwa amekaa, akasimama kumpokea. Waandishi wengi waliandika hayo mawili. Niliwasimulia hilo wazee wetu mmoja mmoja nilipowatembelea, sikuwaambia wafanye chochote.

Siku ya mkutano nilisimama mlangoni tangu saa 2 asubuhi, spika nilimwachia mtu mwingine. Mzee wa Kisikh alipita, mlinzi akampisha akamwambia karibu baba. Swami akachukua kijikadi chake akakisoma, akakiweka mbele yake kikiangalia watu. Mama mchungaji alichelewa kidogo, karibu wote walikuwa wameshakaa. Nilimuona amesimama mlangoni anavuta pumzi kabla ya kuingia, na mimi pia nikavuta.

Shekhe alikuwa amekaa upande wa mbali. Alipomuona akanyanyuka kwenye kiti, yeye wa kwanza, kabla mama hajapiga hatua tatu, akaweka kiganja kifuani akainama akasema karibu sana mama, hujambo. Mama mchungaji akaweka kiganja chake kifuani. Wakasimama hivyo kidogo, afu mama akauliza habari za goti lake, maana alikuwa amesikia kwangu kwamba linamsumbua, wakaanza kuongea habari za goti na dawa na umri, wakaongea mpaka ikabidi niende kuwaomba wakae tuanze.